Ngozi ya Ng'ombe na Mpelelezi wa Bashay

Zamani mtu wa Bashay, kijiji cha mlimani, aliyeletewa ngozi ya ng'ombe wake aliipokea kwa mikono miwili, kisha akamkaribisha mgeni ndani; siku hizi anamuuliza mgeni alikuwa wapi saa ya tukio.

Mtu mwenyewe ni Evarist, mtoto wa marehemu Akonaay. Hakuwa mtu mbaya. Mahindi yake yalikuwa yakipaliliwa kwa wakati, kanisani alikaa mbele, na mkewe Genoveva hakuwahi kumshtaki kwa padri. Kisha akauza mbuzi, akafunga sola juu ya bati, akaleta runinga bapa na king'amuzi, na kuanzia hapo shamba likawa mahali pa kusubiria jioni ifike.

Tamthilia yake ilikuwa ya Kituruki. Maneno yalikuwa yametiwa Kiswahili na watu wa Dar es Salaam, kwa hiyo Mturuki mzee na Mturuki kijana wote walisema kama watu waliozaliwa Magomeni. Ilihusu ukoo mmoja tajiri ambao watu wake waliuana kwa zamu. Majina yao hayakukaa vinywani mwa watu wa Bashay, basi sebule ya Evarist ikawabatiza upya: Steringi, Kipara, Dokta Mpole, Mama Mwenye Nyumba. Majirani walijaa humo kila jioni. Watu ambao baba zao walikuwa wakiitikia baraka za wazee kwa sauti moja hata mifugo zizini ikasikiliza, sasa walikuwa wakiitikia tangazo la sabuni.

Mtu akipigwa risasi kwenye kioo, wanawake walishika midomo. Evarist alitulia tuli.

"Huyo hajafa," aliwaambia. "Mmeona damu tu. Kaburi mmeliona?"

Kaburi likionyeshwa, alisema, "Jeneza limefunguliwa? Hamkuona wabebaji walivyotembea? Vile ni kubeba hewa."

Na marehemu akirudi baada ya wiki kadhaa, amenyoa ndevu na kuvaa miwani, Evarist alisimama katikati ya sebule, akavua kofia, akajipiga nayo gotini. "Nilisema mimi. Semeni kama sikusema."

Alikuwa amesema, ni kweli. Ila alisema hivyo hivyo juu ya kila aliyekufa tangu tamthilia ianze, na wale waliooza kimya kimya hakuwataja tena.

Siku Dokta Mpole alipobainika kuwa ndiye anayewatia wagonjwa sumu, Evarist alishindwa kumaliza ugali. Alikuwa akimpenda Dokta Mpole. Alimwona mtu wa adabu, asiyepaza sauti, anayemsaidia bibi kizee kuvuka barabara. Alikaa na tonge mkononi mpaka likapoa.

"Kuanzia leo," alisema, "mtu mpole simwamini."

"Na mimi?" aliuliza Genoveva, aliyekuwa akikusanya vyombo.

Evarist akamtazama mkewe kwa muda mrefu kuliko inavyostahili adabu.

"Wewe Evarist," jirani yake Gervasi alimwambia, "kwako hata malaika ana kesi ya kujibu."

"Malaika ndio wa kwanza," alijibu Evarist. "Nani atamshuku mwenye mabawa?"

Wakacheka. Hayo yangeishia kwenye kicheko kama Evarist asingekuwa na ng'ombe bondeni.

Ng'ombe hao walikuwa na historia. Akonaay, baba yake, alikuwa na rafiki Mbarbaig, mfugaji wa bondeni upande wa Basotu, mzee Gidamis. Mwaka ambao malisho ya juu yalikauka, Akonaay alimpelekea Gidamis mtamba mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe ubavuni, amtunzie. Hawakuandikiana kitu. Mtunzaji anywe maziwa, mwenye ng'ombe apate ndama. Ng'ombe akifa, mtunzaji alete ngozi na masikio yake, maana sikioni ndiko kuna alama ya ukoo. Alama hiyo hukatwa na mwenye mali kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo kila mwaka sharti ashuke kuwaona ndama wapya. Akishuka halali usiku mmoja tu na kuondoka. Anakula, anazungumza, anapewa habari za wagonjwa na waliozaliwa. Wazee wale wawili walikufa, kila mmoja akaliliwa na upande wa mwenzake: Gidamis alimlilia Akonaay, na Evarist akamlilia Gidamis. Urafiki ukabaki kwa watoto, Evarist juu mlimani na Hermani, mwana wa Gidamis, chini bondeni, na uzao wa yule mtamba ukawa mifugo yote aliyokuwa nayo Evarist duniani ukiacha mbuzi na kuku.

Lakini tangu runinga iingie Evarist hakushuka tena. Kwenda Basotu na kurudi ni kukosa jioni mbili au tatu, na katika jioni tatu Waturuki wanaweza kuuana nusu ya ukoo. Hermani alipiga simu kusema kuna ndama jike amezaliwa. Evarist alijibu, "Vizuri, vizuri, nitakupigia," kwa sababu Kipara alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango. Hakupiga.

Kisha ikaja jioni ya pete. Maiti iliokotwa ufukweni, uso umeharibika, lakini kidoleni ina pete ya Steringi. Ukoo mzima ukalia, ukazika. Mwishoni kabisa ikaonyeshwa chumba fulani, Steringi amekaa kitini, mzima, kidole kitupu. Sebule ililipuka. Evarist alitoka nje, akazunguka nyumba yake, akarudi ndani na kutangaza hukumu.

"Pete ilikuwa yake. Kidole hakikuwa chake. Kumbukeni neno hili."

Kesho yake asubuhi akaja Hermani na ngozi.

Alikuwa ametembea sehemu na kupanda pikipiki sehemu. Alikuwa na fimbo yake, shuka lake, na ngozi nyekundu iliyokunjwa, yenye baka jeupe. Aliifungua juu ya nyasi mbele ya nyumba, taratibu, kama mtu anayemfunua marehemu.

"Ndugu yangu," alisema, "yule mama yao amekwenda. Alikwama kwenye tope la ziwa. Tulimvuta na kamba, mimi na shemeji yako Helena na majirani, tukamtoa, lakini alikuwa ameshachoka. Ni mzee. Masikio haya hapa."

Evarist hakuinama. Aliizunguka ngozi, mikono nyuma, akaitazama kwa jicho moja.

"Alikufa saa ngapi?"

Hermani akafikiri. "Jua lilikuwa limeanza kuinama."

"Kuinama kiasi gani?"

"Kuinama kama jua."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeshika mkia wake."

"Baba Doris," Genoveva aliita kutoka jikoni, "mpe mgeni kiti kwanza. Chai iko tayari."

"Chai itakuja," alisema Evarist. "Mama Doris, usiingilie. Hermani, nyama mliifanyaje?"

"Tulikula. Na wale waliovuta kamba walikula. Ungekuja nawe ungekula."

"Kwa hiyo mlifaidika na kifo."

Hermani akacheka, akidhani ni utani, maana watu wa juu na watu wa chini wana utani wao mrefu. Kicheko hakikupata mwenzake. Akakikata.

"Evarist, unaniuliza kama polisi."

"Sikushuku wewe. Nashuku kila mtu. Katika uchunguzi hata mimi mwenyewe ni mshukiwa."

"Basi anza na wewe. Mimi nitakunywa chai nikikusikiliza."

"Masikio ni ya ng'ombe wangu, sikatai," alisema Evarist, na hapa sauti yake ikashuka kama ya yule inspekta wa Kituruki mwenye koti refu. "Lakini sikio linaweza kushonwa kwenye ngozi nyingine. Alama ni yake. Ngozi ni ya nani?"

Hermani alimtazama. Mtu anaweza kumwambia Mbarbaig kwamba ni mkali, kwamba ni mchafu, kwamba mbuzi wake wamekula mahindi ya watu, na atajibu au atapigana. Kumwambia kwamba ameghushi ngozi ni neno ambalo hakuwa amewahi kulisikia, hata kwa kuhadithiwa. Alikunywa chai ya Genoveva akiwa amesimama, akamshukuru, "Asante, shemeji," akachukua fimbo yake akaondoka. Ngozi ikabaki kwenye nyasi.

"Umeona?" Evarist alimwambia Gervasi mchana ule. "Hakukasirika. Mtu asiye na hatia angekasirika."

"Na kama angekasirika?"

"Ningejua nimemgusa penyewe."

"Basi mtu huyo angefanya nini ili awe mwema?"

Swali hilo Evarist aliliona la kitoto.

Juma lile lile alishuka Basotu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikubali kukosa Waturuki, maana alikuwa amepata tamthilia yake mwenyewe. Hakumpigia Hermani simu. Hakubeba sukari wala majani ya chai, vitu ambavyo baba yake asingeshuka bila kuvibeba. Alivaa koti la mvua siku ya jua kali, akajibanza kwenye kichaka cha miiba karibu na boma la Hermani, na hapo akaketi na siafu, mtu mzima mwenye binti sekondari, akisubiri maiti itembee.

Ikatembea. Ng'ombe walipokuwa wakirudi kutoka majini, katikati yao alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe ubavuni.

Evarist alitoka kichakani kama aliyerushwa. Miiba ilibaki na kipande cha koti.

"Simama hapo hapo," alimwambia Hermani. "Huyu ni nani? Niambie mbele ya majirani zako. Ng'ombe aliyekufa kwenye tope huyu hapa anatembea. Nilisema mimi."

Majirani walisogea. Hermani aliweka fimbo yake mabegani na kuitundikia mikono. Aliyejibu ni Helena, mkewe, aliyekuwa ametoka bomani na kibuyu cha kukamulia. Alimwendea yule mwekundu, akamshika shingo, akamgeuza kichwa ili sikio limwelekee Evarist.

"Soma, shemeji," alisema.

Sikio lilikuwa zima. Halikuwa na alama yoyote.

"Huyu ni yule ndama uliyepigiwa simu habari zake," alisema Helena. "Ni wako. Ameshapandwa, atazaa mvua zikija. Kila mwaka nilimwambia Hermani amkate alama asije akapotea, akanikatalia. Alisema mwenye mali atakuja, si heshima kumkatia. Sasa umekuja. Umekuja na kisu?"

Hakuwa na kisu. Alikuwa na simu, ambayo alikuwa ameiandaa kupiga picha ya ushahidi.

Mzee mmoja kati ya majirani aliuliza kwa Kibarbaig huyu mtu wa kichakani ni nani. Mwingine akamjibu. Mzee akatikisa kichwa, akasema jambo, na wote wakatazama chini. Evarist hakuelewa na hakuna aliyemtafsiria. Baba yake angeelewa, maana Akonaay alikizungumza Kibarbaig kama aliyezaliwa nacho. Hicho ni kitu kingine kilichoondoka.

"Hermani, ndugu yangu," alianza Evarist, "unajua, mambo ya siku hizi..."

"Lala hapa leo," alisema Hermani. "Giza litakukuta njiani. Lakini mimi sitazungumza."

Evarist hakulala. Alipata pikipiki ya kumpandisha. Njia nzima alijieleza mgongoni mwa dereva, ambaye hakuwa amemuuliza kitu.

Mvua za kwanza hazijashika ardhi, Hermani na Helena walipanda Bashay na ng'ombe wote. Hawakuuza hata mmoja, hawakubakiza hata ndama wa asante, ambaye kwa desturi walikuwa na haki naye. Waliwaingiza katika kizizi cha mbuzi cha Evarist, ambacho hakikuwatosha. Helena alipita kwa kila mmoja akimpapasa paji la uso.

"Hermani, hii ni nini?" alisema Evarist. "Nitawalisha nini hapa? Tukae, tuzungumze kama baba zetu."

"Baba zetu walikuwa wakitembeleana mchana," alisema Hermani. "Ng'ombe wako hawawezi kulala kwa mtu unayemvizia. Leo ukiniamini, kesho mmoja akivunjika mguu utarudi kichakani. Nami nitakuwa nakamua nikitazama vichaka. Hayo si maisha ya mtu."

Genoveva alitoka na chakula. Helena alikula kidogo kwa kumheshimu Genoveva. Hermani alikaa karibu na lango, akala njugu zake mwenyewe kutoka mfukoni.

Malisho ya Bashay ni yale ya kando ya barabara na mabua baada ya mavuno. Kabla ya mwaka kuisha wawili walikuwa wameuzwa na mmoja amekufa kwa njaa, na hakukuwa na mtu wa kumletea Evarist ngozi, kwa kuwa ng'ombe alianguka mbele ya dirisha lake. Yule mwekundu alizaa dume dhaifu, na Evarist alimkata mama huyo alama mwenyewe, Genoveva akimshikia kichwa.

Tamthilia nayo ikafika mwisho. Steringi alikufa. Evarist alingoja wiki nzima baada ya majina kupita kwenye kioo, akiamini kuna kipande kilichobaki, lakini kilichofuata kilikuwa kipindi cha mapishi. Siku ile alilia, wazi wazi, mbele ya Gervasi. Alimlilia Mturuki kuliko alivyowahi kumlilia mzee Gidamis.

Mara ya mwisho alipowaona Hermani na Helena ilikuwa mnadani. Alikuwa amekwenda kuuza dume. Aliwaona upande wa pili wa uzio, pamoja na mtu mmoja wa Masieda, kijiji kingine cha juu, ambaye Evarist hakumfahamu, mtu wa makamo, mwenye mfuko wa sukari begani. Mtu yule alikuwa amemletea Hermani mtamba mweusi. Walikuwa wakizungumza bila haraka. Hermani akasema jambo, mtu wa Masieda akacheka, na kicheko chake kikapata mwenzake. Kisha mgeni akafungua kamba mkononi mwake, akamkabidhi Hermani, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Evarist alisogea mpaka kwenye uzio. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa tangu mvua zile. Helena ndiye aliyemwona kwanza. Hakununa wala hakugeuza uso. Alimsalimia vizuri, kama anavyosalimiwa mtu yeyote anayepita.

"Habari za safari, baba," alisema, akamfuata mume wake na mtamba mweusi.