Mwavuli wa Jua kwa Wanaume

Mjapani huulizwa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza nilipoanza kazi kwenye kampuni inayouza bidhaa za nyumbani kutoka Japani, ghala na ofisi pamoja, kule eneo huru la biashara la uwanja wa ndege wa Dubai. Kila msimu wauzaji wa kule hututumia matokeo ya dodoso, yametafsiriwa kwa Kiingereza, yana michoro ya rangi kama keki ya arusi. Wameulizwa taulo wanaitumia mara ngapi kabla ya kuifua. Wameulizwa wakiingia dukani wanaanzia rafu ipi. Wameulizwa kama wanaona aibu kununua kitu cha bei ya chini huku jirani anatazama. Na wao, watu wazima wenye kazi zao, wakakaa wakajibu.

Mimi nimekulia kwenye marobota ya mitumba, Ilala. Maoni ya mteja nilikuwa nayasoma machoni kabla hajafungua mdomo. Anayelishika shati na kulitukana, analitaka. Anayelisifu anapita tu. Dubai nimekuja na tabia ileile. Muuza nyanya wa Karama, mtaa ninaokaa, akiniona anaanza kuhema. Chenji nahesabu mara mbili, moja mbele yake na moja nikishageuka. Simshuku yeye, najishuku mimi. Kwa hiyo zile karatasi za Wajapani nilizisoma kama mtu anavyosoma barua za mapenzi za wenzake. Moja ilisema wengi wao hulipa bei iliyoandikwa, bila neno. Nililionea huruma taifa zima.

Mwanzoni mwa mwaka jana likaja swali la miavuli. Siyo ya mvua, ya jua, tena ya wanaume. Wanaume waliokwisha kuizoea walisema walianza baada ya kumwona mwanamume mwingine kashika mwavuli. Wasiotumia walitoa sababu zao: ni kitu cha wanawake, mkono mmoja unafungika, sijui watu watanionaje. Asilimia zilikuwepo, ila sizitaji nisije nikazikosea. Zilizobaki kichwani ni sababu.

Sir wetu, yaani bosi, anaamini kwamba kinachojibiwa Tokyo leo kitanunuliwa Dubai kesho. Akaagiza makasha. "Jua liko wapi zaidi ya hapa?" akaniuliza. Nikamwambia, sir, jua liko, lakini mwenye hela anatoka kwenye kiyoyozi cha gari anaingia kwenye kiyoyozi cha duka, na anayetembea juani hana bajeti ya kivuli. Akacheka. Makasha yakaja. Niliyahesabu yakiingia, nikayahesabu tena baada ya mwezi, hesabu ikawa ileile, na kwa mtu wa ghala hiyo si habari njema. Mwishowe sir akaruhusu kila mfanyakazi anunue mmoja kwa bei ya mzigo, dirham ishirini na tano. Nikanunua. Nilikuwa na mtu kichwani.

Chumbani kwetu Karama tulikuwa watatu. Mimi, kijana wa Nakuru anayehudumu kwenye mkahawa wa hoteli, na Mganda mmoja aliyetuzidi umri sote wawili, mlinzi. Zamani kwao alikuwa mwanajeshi, hivyo tulimwita Afande, naye hakukataa. Alilinda majumba ya mtaa wa Mirdif yaliyokuwa yakifanyiwa ukarabati. Ukishuka kituo cha basi Mirdif saa nane mchana unatembea mwenyewe kati ya kuta ndefu za watu. Kila mtu kule ana gari. Anayekwenda kwa miguu ni mlinzi, mfanyakazi wa ndani, au paka. Mafundi wa nje saa hizo hupumzishwa kwa sheria, lakini mlinzi anahesabiwa kwamba yumo kibandani. Kibanda chake kilikuwa na kiyoyozi kilichopuliza vumbi.

Mwezi wa sita alianguka. Hakusema. Tuliambiwa na mwenzake aliyemleta na gari, Afande akiwa na chumvi nyeupe mgongoni mwa sare kama ramani. Msimamizi wake alikuwa amempigia simu palepale: akianguka tena, khalas, imekwisha, anarudi kwao, kampuni haitaki maiti.

"Binti yangu mdogo bado mwaka mmoja amalize chuo cha uuguzi," Afande alisema akijifunika shuka. "Mimi siwezi kurudi kabla hajamaliza." Akalala. Hakulirudia tena, na hatukuhitaji alirudie.

Ijumaa moja, siku ya mapumziko, tumekula wali, nikachukua karatasi ya dodoso nikaanza kumwuliza. Nilitaka kufika kwenye mwavuli kwa njia ya kuzunguka, kama unavyomfikisha mteja kwenye koti bovu.

"Afande, ukinunua dawa ya meno unatazama nini kwanza?"

"Kama iko na dawa ya meno ndani."

"Taulo unatumia mara ngapi kabla ya kufua?"

"Nani anauliza?"

"Wajapani."

"Waambie hiyo ni siri ya jeshi."

Kijana wa Nakuru alikuwa amejilaza, anacheka kwenye simu yake. Nikafika. "Je, wewe kama mwanamume, ungetumia mwavuli kujikinga na jua?" Nikautoa chini ya kitanda. Mrefu, mweusi ndani, wa kijivu nje, mpini wa mbao. Nikaufungua, ukajaa chumba.

"Buda!" Kijana akaketi. "Kwani kunanyesha? Afande, hebu ushike tukuone. Aki utakaa kama bibi harusi anangojewa na gari."

Afande hakuushika. Alisema, "Mimi nilibeba bunduki. Hiyo beba wewe."

Nikaandika moyoni: sababu ya kwanza na ya tatu. Huyu hana tofauti na mtu wa Tokyo.

Lakini kesho yake asubuhi, kijana ameshatoka, nikiwa navaa viatu, nikamsikia Afande nyuma yangu.

"Kile kitu. Bei gani?"

Anayeuliza bei ameshanunua. Hilo najua tangu Ilala. Nikasema bila kugeuka, "Arobaini."

"Kumi na tano."

Hapo ndipo nilipogeuka, na heri nisingegeuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama ardhi ya Dodoma. Miguu ilikuwa imevimba, viatu hajavifunga kamba. Maneno yakanitoka yenyewe: "Haya, chukua."

Mkono wake ukasimama mfukoni.

"Unasema?"

"Kumi na tano. Chukua, Afande, uwahi basi."

Akaketi kitandani polepole. "Wewe," alisema. "Wewe uligombana na mtu wa nyanya kwa dirham mbili mpaka akafunga duka. Mimi nilikuwepo, nilibeba mfuko. Wewe unanikubalia mimi mara moja?"

"Basi thelathini na tano," nikasema. Nilisikia mwenyewe jinsi neno lilivyochelewa.

"Mtu hakubali namna hiyo. Mtu anakubali namna hiyo akiona maiti." Akasimama, akafunga kamba za viatu, akachukua chupa yake ya maji. "Mimi sijakwisha, ndugu."

Akaenda juani na kofia yake ya sare.

Miaka yote hii nimewapunja watu na wamenipunja, na wote tumeachana kwa heshima. Kumbe kuna mtu unaweza kumwumiza kwa kumpunguzia bei. Siku ile kazini niliitoa tena ile karatasi nikaisoma kama daktari. Walianza baada ya kumwona mwanamume mwingine. Basi nikaamua mwanamume huyo mwingine atakuwa mimi.

Nikaanza kutembea na mwavuli Karama mchana wa jua. Kutoka mlangoni hadi kituo cha metro, na kurudi. Muuza nyanya aliita jirani zake waje watazame. Wabeba mizigo walinipigia miluzi. Kijana mmoja wa Mombasa alinisalimu, "Shikamoo, mama." Nikamjibu marahaba, mwanangu, na nikaendelea. Ndani ya kivuli kile palikuwa na ubaridi wa kweli, Mjapani hakudanganya. Chumbani nikaulaza mlangoni, mahali pa kuonekana, kila mtu auruke akitaka kutoka. Afande aliuruka siku nne bila neno. Kila jioni nilimtazama miguu kabla ya uso.

Siku ya tano jioni alisema, "Bado unauza?"

Nikasema, "Hamsini."

"Ulisema arobaini!"

"Ule ulikuwa mpya. Huu sasa una jina mtaani."

Aliguna. Nikaona jicho lake likiamka. "Ishirini."

"Afande, ishirini nunua gazeti ujifunike."

"Nchi gani mwavuli unakuwa hamsini? Huu uko na injini?"

Hatukuafikiana siku ile. Asubuhi akaenda kazini bila mwavuli, na mimi nikabaki nao mkononi, nimeshinda. Kijana wa Nakuru alinifuata ngazini. "Manze, mpee tu. Si unaona hali yake?"

"Nilimpa. Alikataa."

"So unafanya nini?"

"Namwuzia."

Jioni ya pili alifika ishirini na sita, mimi thelathini na nane. Simu yangu ilikuwa inaonyesha joto la kesho yake na sikutaka kuitazama. Kila dirham niliyoshikilia ilikuwa mwendo mwingine wa kutoka kituo cha basi hadi getini kwake, bila kivuli. Lakini nikishuka haraka nitampoteza tena, na mara hii jumla. Ilibidi nimkazie kama adui. Nilimwita bahili. Aliniita mwizi wa Kariakoo. Nikamwambia Kariakoo na Ilala ni mahali pawili, asome kwanza ramani yake. Jioni ya tatu akatupa kofia kitandani: "Thelathini na moja, na nikiongeza nyingine Mungu anione."

Nilihesabu pumzi mbili. "Unaniua, Afande. Lete."

Alilipa kwa noti na sarafu, akazihesabu yeye, nikazihesabu mimi, halafu tukapeana mkono kama watu waliouziana shamba. Dirham sita faida. Sijawahi kuichukia faida kama ile.

Kesho yake alitoka na mwavuli, amenyooka kama anakagua gwaride. Muuza nyanya alipofungua mdomo, Afande alisimama mbele yake tu. Mdomo ukafungwa.

Kwa wiki mbili alirudi na midomo mizima. Miguu ikaingia viatuni. Kijana wa Nakuru akauliza kama kazini kwangu kuna mwingine, "wa brathe yangu," alisema, na kaka yake yuko Nakuru kwenye baridi. Sir naye akaniuliza kwa nini makasha hayaendi. Nikamwambia yatakwenda, inshallah, ila kila mmoja unachukua wiki kuuza. Alidhani natania.

Halafu msimamizi wa Afande akapita Mirdif akamkuta anazunguka ukuta wa majumba, bunduki hana, mwavuli anao. Akamwambia mlinzi lazima mikono yake iwe huru. Sare haina mwavuli. Aje nao kutoka kituo cha basi akitaka, lakini akifika getini aukunje.

"Mkono mmoja unafungika," nikasema Afande aliponisimulia.

"Nini?"

"Hakuna. Ni sababu ya pili."

Wale waliojibu hivyo Japani, nadhani, walikuwa na mikono yao wenyewe.

Alitii. Mwanajeshi hutii. Alifika getini akaukunja, akautundika kwenye msumari kibandani, akaenda kuzunguka ukuta. Mwezi wa nane, alasiri, aliangukia upande wa nyuma wa nyumba ya tatu, pasipoonekana kutoka kibandani. Aliyemwona ni dereva wa jirani. Hospitali walimweka siku kadhaa. Daktari alisema figo. Msimamizi alikuja na tunda na tiketi ya ndege.

Tulimsindikiza uwanjani sisi wawili. Mzigo wake niliupima nyumbani mara mbili, hivyo kwenye mizani haukutusumbua. Mwavuli haukuingia sandukuni, mpini ulizidi. Aliushika mkononi. Alikuwa amekonda, shati likimning'inia. Tangu hospitali hakuwa amesema la maana kwa yeyote. Hata kwa binti yake alikuwa hajapiga simu kusema anakuja.

Kwenye mlango wa wasafiri alisimama, akautazama mwavuli, akanitazama mimi.

"Nakuuzia," alisema.

Nilikuwa na mshahara mfukoni. Angesema mia mbili ningempa, na alijua. Alikuwa ananitazama machoni, kama ninavyowatazama wateja.

"Bei gani?"

"Hamsini."

"Hamsini! Umepigwa jua miezi miwili, rangi imekwisha. Kumi."

"Kumi? Huu ulitoka Japani!"

"Na mimi nilitoka Ilala. Kumi na mbili."

"Mwizi," alisema, na kitu kikasogea usoni kwake. "Arobaini na tano. Uko na jina mtaani, ulisema mwenyewe."

"Wazee," kijana wa Nakuru alikuwa ameshika kichwa, "ndege inafungwa! Aki mtu alipe!"

"Ishirini," nikasema. "Ishirini, na nakuonea huruma."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ule mwavuli, mkono mwingine kiunoni, na askari wa mlangoni akatugeukia. "Hapana," alisema akijifuta macho. "Huruma yako ghali. Nabaki na mali yangu. Kwetu mvua iko."

Akautundika mkononi, akaingia. Hakugeuka. Kabla kioo hakijamficha nilimwona anatoa simu, anaiweka sikioni, mwavuli ukibembea kwenye kiwiko.

"Si ungempea tu hiyo hamsini," kijana alisema.

Tulitoka nje kuelekea metro, tukatembea upande wa ukuta, ambako hakukuwa na kivuli.