Binti wa mume wangu anangoja mtoto wangu aongee ili mimi niondoke

Admin, ficha jina langu kabisa, maana mume wangu na mashemeji zangu wanapitia hapa kila siku. Nina miaka ishirini na sita, niko upande wa Ekerenyo, nimeolewa na mwanamume aliyefiwa na mke. Anachonga vinyago vya mawe huko Tabaka na hurudi nyumbani Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Nilimkuta na binti mmoja, nitamwita Nyaboke, sasa yuko gredi ya sita. Mwaka jana Mungu akanipa na mimi msichana wangu.

Wengi wenu mliifuata ile tamthilia ya Verena, yule mama anayekufa halafu roho yake inabaki jikoni kwake ikilinda watoto, hata mumewe akioa mke mwingine anayeitwa Tila. Mimi na Nyaboke tuliitazama yote tukimenya ndizi, na ndiyo iliyotuzoesha. Kabla ya hapo alikuwa ananijibu kwa kichwa tu. Mwisho mnaujua: Verena anamkabidhi Tila watoto, anatoka nje, mlango unafungwa. Mimi nililia kwa furaha, sifichi. Nyaboke alizima TV akasema, "Hiyo si mwisho. Mama gani anaenda hivyo?"

Hakuwa peke yake. Grupu la mashabiki lilichafuka. Nikaandika kwamba mimi niliupenda ule mwisho, aliyekufa apumzike na walio hai waishi. Nilivyojibiwa! "Tila mwenyewe amefika!" "Admin, toa huyu mama wa kambo kwa grupu." Mwingine, "Dada, unatetea hadithi ama sufuria zako?" Nikacheka nao, nikaweka simu chini.

Halafu vikaja vile vitabu vya katuni vya kuendeleza hadithi, watu wakavitumiana kwa simu. Humo Verena anarudi. Anazaliwa upya kutoka tumbo la Tila, na yule mtoto akianza kuongea anamtambua binti yake wa zamani, na Tila anafunga mizigo anaenda kwao. Watu wakasherehekea, wakasema sasa huu ndio mwisho wenyewe.

Shida yangu iko hapa. Sisi Wakisii mtoto hupewa jina la mtu wa familia aliyefariki. Binti yangu alipozaliwa alilia sana, hanyonyi, halali. Mama mkwe akasema mtoto anaitisha jina. Wakataja mashangazi wote waliolala, bado analia. Mama mkwe akataja jina la marehemu, yule mke wa kwanza, tuseme ni Moraa. Mtoto akanyamaza, akanyonya. Ningebishana na nini? Nilikubali kwa moyo mweupe, hata niliona Nyaboke atafarijika.

Kumbe. Tangu asome vile vitabu kwa simu ya baba yake, hamwiti mtoto jina tena. Anamwita mama. Anamwonyesha sare yake, anamshtakia mwalimu aliyemchapa. Siku moja nilimpata amembeba kando ya kaburi la mama yake pale chini ya migomba, anamwambia, "Ulikuwa umelala hapa. Hukusikia baridi?" Na msiniulize neno la kwanza la mtoto lilikuwa gani. Lilikuwa "Boke," yaani Nyaboke. Si ndiye anayembeba nikienda kuchuma majani chai? Lakini mweleze hivyo mtu ambaye ameshasoma kitabu.

Wiki iliyopita nilitoka shambani nikakuta nguo zangu zimefuliwa, zimekunjwa vizuri ndani ya lile begi nililokuja nalo kuolewa. Nikamuuliza, "Nyaboke, hii ni nini?"

Akanijibu kwa upole, bila ubaya wowote. "Mama anaanza kusema. Sikutaka upate kazi mingi siku ukienda. Nimekuwekea na ile leso unapenda."

Nilimketisha. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa mtu mzuri, na alikufa. Huyu ni mdogo wako. Mimi siendi mahali." Sikupiga kelele, lakini nilisema. Akaniangalia kwa huruma. "Hata Tila alisema hivyo," akasema, akaenda kuwasha moto wa chai.

Ijumaa nikamweleza mume wangu nikidhani atamkanya. Alitoa vumbi la mawe kwenye kucha. Kisha akasema, "Mama Moraa, hata mimi nilivisoma."

"Na ukaonaje?"

"Ule mwisho wa TV ndio wa ukweli. Lakini wa vitabu ndio mtu anautaka."

Akamchukua mtoto akatoka naye nje. Hakunitukana, hakunipiga. Afadhali angenitukana ningejua pa kujibia.

Nilimwendea mama mkwe nikamwomba tumbadilishie mtoto jina. "Jina la aliyekufa si nguo ya dukani urudishe," akaniambia. "Unataka mtoto augue?"

Sasa kitabu kingine kinatoka likizo. Grupu lote linakingoja, na nyumbani kwangu kinangojwa pia. Naomba msianze kuniambia nimpeleke Nyaboke bweni, sitaki. Mimi ndiye ninayemsuka, ndiye ninayekaa naye akiumwa na tumbo. Ananipenda pia, nawaapia, anapenda vile mtu anampenda mgeni aliyekaa sana. Begi nimelitoa nguo mara mbili, nikirudi nakuta amezikunja tena.

Nimechoka, watu wangu. Wenye kuolewa mahali pa marehemu, mlifanyaje mkaonekana? Nishikeni mkono kwa maneno hata machache: nifanye nini ili mtoto niliyemzaa aniite mama kabla hajafundishwa kuniaga?