Mtunzi wa Alfajiri ya Ndege

Mtunzi wetu huongea kwa kunong'ona, na kila mazoezi huyaanza kwa kufumba macho, viganja juu, eti anausikiliza msitu. Okestra nzima humngoja. Leo tulipofika sehemu aliyoiita "Alfajiri ya Ndege", ndege wa kwenye tawi la mti nje ya dirisha nao wakaanza kulia. Akasimamisha muziki.

"Likateni lile tawi. Wananiharibia."

"Mwalimu, lina kiota, na makinda wamo," mpiga filimbi akamsihi. "Kwani hao si ndio ndege wenyewe?"

"Ndege wangu ni wewe, dada. Hao hawafuati mapigo."

Mtunza bustani akaitwa, akapanda na msumeno. Tawi likaanguka na vyote vilivyokuwamo. Mtunzi akafunga dirisha taratibu, bila haya, akafumba macho na kutunong'oneza, "Sasa, wapendwa, tupige kwa huruma zaidi."