Ukuta wa Mbao Ambazo Mchwa Hawazili

Siku ile sebuleni kwetu Chuno tulikuwa watu watano. Mimi, mume wangu aliye seremala, dada yake, ambaye kwangu ni wifi na ulimi wake unajulikana mtaa mzima, binti yetu wa pili, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, na fundi wa marumaru, mpwa wa mama mmoja niliyeokota naye korosho kule Madimba tukiwa wasichana. Majina yao wote ninayo kichwani, ya baba zao pia, hata la mwenye lori aliyeleta mzigo. Binti yangu kasema majina ya watu nisiyaandike, basi nayaacha.

Mume wangu alipokuwa na nguvu zake aliuvika ukuta wa sebule mbao za mninga, kutoka sakafuni hadi juu. Alizipiga randa mwenyewe, na mgeni akiingia kwanza anautazama ukuta, ndipo anatusalimu. Miaka ya tisini inakwisha, mchwa wakaingia kwa nyuma. Kwa mbele mbao zinang'aa, kwa ndani udongo mtupu. Siku moja mgeni aliegemea, bega likazama. Tukazing'oa zote, nikazipikia.

Tangu hapo mume wangu hakukaa tena sebuleni. Anakula barazani, wageni anawapokea barazani, na mvua ikinyesha anahamia jikoni kwangu kunikosoa chumvi. Ule ukuta mtupu ulikuwa unamuuma. Haja yangu ilikuwa moja tu, arudi ndani akae kama mwenye nyumba.

Miaka kadhaa ikapita, ndipo binti akaja na maboksi yake. Alipofungua la kwanza nikajua kaleta mbao. Kipande kirefu, chembamba, rangi ya mninga, na mistari yake, na fundo lake. Nikakinusa. Nasema kweli, nilikinusa nikitafuta harufu ya mti, nikapata vumbi la boksi. Nikakigonga, kikalia kama sahani.

"Ni marumaru, mama," binti akasema. "Ya ukutani. Maji hayaiozeshi, mchwa hawaili."

Nikaanza kusogeza kabati peke yangu kabla fundi hajaitwa.

Mume wangu alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. "Bandikeni," alisema. "Nikiona haifai, nachukua nyundo." Na yeye hakuwa mtu wa kutishia bure.

Fundi akaanza asubuhi. Binti alimsimamia: "Vifanane, fundi, nisione kimoja kimekwenda kwake." Fundi akavifananisha. Kazi ilipofika usawa wa kiuno, kila fundo lilikuwa limekaa chini ya fundo jingine, na kila kiungo chini ya kiungo. Mimi niliona pazuri mno, nikapiga kigelegele.

Wifi akaingia na sinia la mihogo ya kuchemsha, akasimama katikati. "Wifi, ukuta umeuvisha kitenge. Safari hii mchwa watang'oka meno."

Tulivyocheka, mume wangu akaja kuchungulia. Akainama, akavitazama viungo kimoja kimoja.

"Fundi."

"Naam, mzee wangu."

"Uliwahi kuona mti wenye fundo mahali pale pale, ubao kwa ubao?"

"Mzee, marumaru ndivyo inavyopangwa. Hata jikoni kwa watu..."

"Hapa si jikoni. Na viungo umevisimamisha kama ngazi. Kijana wangu wa karakana angenifanyia hivi ningemfukuza."

"Baba, mimi ndiye niliyemwambia," binti akasema.

"Basi nikufukuze wewe."

"Mfukuze," wifi akadakia, "mahari yake tumeshakula."

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mkono wa mume wangu, nikijua sasa anakwenda kuchukua nyundo. Akauliza, "Saruji imeshika?"

"Bado, mzee. Labda nusu saa."

"Vitoe vyote. Haraka."

Ee, mbio tulizokimbia! Fundi anabandua, mimi nasugua migongo ya vigae kwenye karai, binti anafuta, wifi anabeba huku anatafuna muhogo. Mume wangu akavuka kizingiti, akachuchumaa sakafuni, akavitandaza mkekani na penseli yake mkononi. "Hiki kigeuze kichwa chini. Hiki kikate nusu, ndicho kianzie pembeni, viungo visikutane. Hiki fundo lake kubwa, kipeleke mbali na mwenzake." Alivipa namba kwa nyuma kama alivyokuwa akizipa mbao. Kimoja kilipasuka mkononi mwa fundi, maskini akaanza kuomba radhi. "Kibandike patakaporudi kabati," mume wangu akamwambia. "Hata mninga hupasuka."

Wifi alitaka kusema, "Kaka, leo umeingia sebuleni." Niliona midomo inafunguka, nikamfinya.

Tulimaliza mstari wa mwisho wa siku ile adhana ya alasiri ikilia. Nilirudi nyuma mpaka ukuta wa pili nikautazama. Sasa zilikuwa mbao. Mwili ulinisisimka, ingawa nilikuwa bibi mwenye wajukuu.

Mume wangu alipitisha kiganja kwenye viungo, polepole, kutoka kona hadi kona. "Kesho unamalizia juu," alimwambia fundi. "Lakini usianze kabla sijafika." Kisha akavuta kiti, akakiweka pale pale mbele ya ukuta, akakaa. "Mke wangu, chakula leteni hapa."

Nilikwenda jikoni nikikimbia kama msichana.

Wifi anasema haikuwa mihogo, vilikuwa viazi. Binti anasema vigae vilivyopasuka ni viwili. Mimi nimeandika nilivyoona kwa macho yangu, lakini macho ya mtu mmoja hayaenei. Wewe uliyekuwepo, au uliyesikia kwa aliyekuwepo, ukikuta nimepotosha, njoo uniambie. Nitafuta, niandike upya.