Sekunde Tatu za Kimya

Mimi ndiye niliyesema tatu. Fundi aliuliza, nikajibu, na sina mtu mwingine wa kumsukumia lawama, ingawa Mungu anajua nimejaribu.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa opereta wa simu katika kampuni ndogo mjini Kakamega, iliyokuwa ikipeleka wakataji na matrekta kwenye mashamba ya miwa. Mkulima akitaka kuvuniwa alipiga simu, nami nikaandika karatasi ya kumpelekea ofisa wa mavuno. Wakati wa chakula na baada ya kazi, mashine ya kanda ndiyo iliyopokea. Kila asubuhi, kabla hata sijavua sweta, nilirudisha kanda nyuma nikaanza kusikiliza na kuandika.

Jamani, kazi ile ilinichosha! Mtu wa kwetu haanzi na shida yake. Husalimu kwanza, halafu hungoja uitikie, na mashine haina mdomo wa kuitikia. Basi kanda inazunguka tu: kimya, jogoo, mtu anakohoa, kimya tena. Akishachoka kungoja ndipo anasema, "Haya basi, ni hivi," na hapo muda wake umekaribia kwisha. Nilikaa pale nikiwasonya watu wazima. "Si useme!" naiambia kanda.

Mmoja wao alikuwa mjane wa upande wa Kabras. Kwa miaka minne nilijua sauti yake na sikuwahi kumwona uso. Akinipata mwenyewe kwenye simu aliniita mwanangu, akauliza kama nimekula, na kama kile kikohozi changu kimepona. Alikuwa na shamba moja la miwa, na kitinda mimba wake, msichana, alikuwa amepata nafasi ya kidato cha kwanza. Miwa ile ndiyo ingempeleka shule. Nilimwambia, "Mama, usihangaike kuja mjini. Wewe piga simu tu, mimi niko." Maneno hayo ni yangu, siwezi kuyakana.

Kisha kampuni ikanunua mashine mpya, ya kompyuta, ambayo ingepokea simu zote, mchana na usiku, na mimi nikahamishiwa kwenye taipureta chumba cha pili, ingawa kuandika ujumbe wa kila asubuhi kulibaki kazi yangu. Fundi alitoka Nairobi akashinda siku mbili chini ya meza akiunganisha waya. Meneja alitaka wakulima wajisikie nyumbani, kwa hiyo sauti iliyorekodiwa ni yangu, ikianza na salamu ya Kiluhya: "Mulembe. Hii ni ofisi ya mavuno. Sema shida yako baada ya mlio."

Fundi akaniuliza, "Mtu akinyamaza, ingoje sekunde ngapi kabla ya kumkata? Imekuja ikiwa kumi."

"Kumi za nini? Weka tatu."

"Tatu si chache, dada?"

"Wewe weka. Hawa watu mimi nawajua."

Akabonyeza. Akanionyesha pia mahali ambapo mashine ingetupa simu zilizokatwa mapema, akanisihi nipachungulie kila asubuhi. Nilipachungulia siku mbili, nikasikia watu wakipumua tu, nikaachana napo.

Asubuhi zangu zikawa tamu. Ujumbe ulikuwa mchache, na wale walioacha walikuwa walimu na makarani, watu wa kusema mambo yao moja kwa moja. Meneja alinisifu mbele ya ofisi nzima. Kichwa kikanivimba. Nilidhani wakulima wamejifunza.

Wiki ya tatu, mchana, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani aliingia na mfuko wa gunia. Nilimwuliza nimsaidie nini. Aliposikia sauti yangu alisimama hapo hapo.

"Kumbe uko," akasema.

Nami nikamjua. Nilifurahi, ndiyo aibu yenyewe. Niliinuka nimpe mkono, lakini yeye alitoa kwenye gunia kipande cha muwa mweusi akakiweka juu ya karatasi zangu. Kilinuka uchachu. Moto ulikuwa umeruka kutoka shamba la jirani ukala shamba lake lote. Miwa iliyoungua haingoji. Usipoikata ndani ya siku chache, kiwanda hakiipokei, na hii ilikuwa na siku tisa.

"Mama, mbona hukupiga simu?"

"Nilipiga. Nilikusalimu, ukanyamaza, ukanikatia. Kesho yake nikapiga tena, na tena, ukafanya vilevile."

"Haikuwa mimi, mama. Ilikuwa mashine."

"Sauti yako mimi naijuanga," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. Angenitukana ningeshukuru.

Nilikimbia kwa ofisa wa mavuno. Akaja, akavunja kile kipande, akakinusa na kutikisa kichwa. Niliporudi na kikombe cha chai, mama alikuwa ameondoka. Msichana hakwenda shule mwaka huo. Mwaka uliofuata nilisikia kwa dereva wa trekta kwamba ameolewa.

Jioni ile, wenzangu walipotoka, nilifungua mahali pa zile simu zilizotupwa. Zilikuwa nyingi mno. Mulembe, klik. Mulembe, klik. Yake niliipata mara nne. Ya kwanza ilikuwa, "Mulembe, mwanangu," na kimya cha kungoja. Ya pili, "Mulembe. Ni mimi. Unanisikia?" Ya tatu aliuliza kama ni mgonjwa, kama kile kikohozi kimerudi. Shamba lake limeungua, na yeye anauliza kikohozi changu! Katika ya nne hakusalimu. Alisema, "Mwanangu, kama kuna mahali nilikukosea, niambie," akangoja nimwambie. Nilihesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu, ikamkata.

Nilimpigia fundi Nairobi akanielekeza jinsi ya kuirudisha kumi. Baadaye nikaiweka ishirini, meneja akalalamika kwamba mashine inajaa upuuzi. Kila asubuhi niliusikiliza wote, majogoo na vikohozi na kimya chao, mpaka mwisho, bila kusonya. Yeye hakupiga tena.