Siku Dani Alipopiga Ndoo Teke

Juzi mtoto wa jirani alipiga ndoo teke uani, nikacheka peke yangu. Nilimkumbuka Dani, nyanya yangu wa Mbita.

Nikiwa mtoto, siku moja mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha kwamba Waingereza wakisema mtu amepiga ndoo teke, basi amekufa. Nilipokuwa mkubwa nilisoma kwamba huenda ndoo yenyewe ilikuwa boriti ya kuning'inizia nguruwe aliyechinjwa. Lakini wakati ule nilijua ndoo moja tu, ya Dani, iliyonuka omena, wale dagaa wa ziwani.

Alasiri hiyo Dani alitoka jikoni macho yakimwasha kwa moshi, akaipiga teke bila kuiona. Ikabingirika kwa kelele hadi kwa kuku. Aliitukana, akachechemea hadi ndani, akajilaza. Nilisubiri kwa hofu, kisha nikachungulia. Alikuwa amefumba macho, mdomo wazi.

"Dani amekufa!" nilipiga mayowe.

Jirani yetu Mama Akinyi alikuja mbio akilia, akajitupa chini, juu ya omena tulizoanika. Wengine wakafuata. Kelele zikamwamsha Dani. Alijifunga leso, akatoka akilia kuwashinda wote.

"Woi! Nani ametuacha?"

Mama Akinyi aliinua kichwa, omena zimemganda shavuni. "Ni wewe, Mama."

Nilieleza habari za Waingereza. Dani aliutazama mguu wake uliovimba, akafikiri kidogo.

"Maskini hao watu," akasema. "Kumbe wanakufa na kitu kidogo hivyo?"