Mla Maini wa Mkumbi

Nina matundu manne mwilini ambayo Mungu hakuyapanga. Moja liko begani, la pembe ya pongo, yule swala wa vichakani, wa mwaka niliooa. La pili liko ubavuni, la nguruwe pori, na huyo simlaumu maana nilimkuta na watoto wake. La tatu na la nne yako kwenye paja la kulia. Mke wangu Otilia anasema hayo mawili ningeyafunika kwa suruali ndefu mpaka nizikwe. Ndiyo nitakayoyasimulia.

Mimi ni Vitalis wa Mkumbi. Ukifika stendi ya Mbinga, muulize bodaboda yeyote, atakuambia, "Yule mzee mwongo wa pongo?" Hilo neno la katikati usilisikilize. Shule niliishia darasa la tano. Mwalimu alitaka nijue mito mikubwa ya dunia, mimi nilijua kila kijito ambacho pongo anakunywa maji kuanzia kwetu mpaka ng'ambo ya mlima. Tukaachana, yeye akiwa na fimbo mkononi, mimi nikiwa nimeshatoka dirishani.

Kilichobaki alinifundisha baba, mzee Bartholomayo, na hakutumia chaki. Pongo wangu wa kwanza nilimchoma nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilimchoma vibaya, tumboni. Alikimbia huku utumbo ukimfuata nyuma, akavuka shamba zima, akaanguka kijitoni akiwa bado anapumua. Baba hakunipiga. Alinishika shingo, akanipigisha magoti, akausukuma mkono wangu ndani ya jeraha mpaka kiwiko.

"Ni moto?"

"Ni moto, baba."

"Huo ndio uhai wake. Wewe umeumwaga njia nzima kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Siku nyingine ni hapa, nyuma ya mkono wa mbele, mara moja. Haya, mmalize."

Nikammaliza, halafu nikatapika ugali wa jana na wa juzi. Tangu siku hiyo sijamchoma mnyama tumboni. Wanyama mia mbili na kumi na saba, weka na wewe hesabu yako ukitaka kubisha.

Sasa sikia desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilikuwa mpumbavu. Mkuki wa kurusha kwanza ni mmoja, na mwenyewe ni mmoja. Wengine wanabeba wavu, mapanga na marungu, wanaswaga na mbwa. Mwenye mkuki akiishiwa jicho au mkono, anaukabidhi juu ya mzoga, mbele ya watu, kwa mdomo wake. Jioni hiyo anapikiwa maini, kwa sababu maini hayahitaji meno. Kuanzia hapo jina lake ni mla maini. Anakaa jikoni na kina mama, anaota moto, anapewa shikamoo nyingi na kazi hakuna. Baba alinikabidhi mkuki akiwa na miaka hamsini na minane. Miezi minane baadaye tulimzika. Hakuugua. Alikula maini tu.

Kwa hiyo jicho langu la kushoto lilipoanza kuingia maziwa, nilinyamaza. La kulia nalo likaanza kumwonea wivu mwenzake. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu na wanafunzi wawili, wote watoto wa dada zangu. Florian alikuwa utingo kwenye malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, akarudi nyumbani na kifua cha kukohoa vumbi jeusi. Ana miguu ya kuswaga, lakini damu inamwogopesha. Herieth, msichana, ndiye wa pili. Huyu mama yake aliolewa kule chini ziwani, kwa hiyo amekulia Mbamba Bay, anashona nyavu na baba yake na kula usipa, dagaa wa kwao, asubuhi mpaka jioni. Alipopanda kuja kwetu nilimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Huku mlimani tunatembea kwa miguu, mwanangu. Usije ukaanza kuogelea kwenye nyasi."

"Na nyie mkija ziwani mnatembea juu ya maji?"

Nikampenda hapohapo, ila sikumwambia. Nikampa wavu wa kuwindia aushone, ule wa kamba za katani uliooza tangu enzi za baba. Aliurudisha baada ya siku tatu, vifundo vyote vipya, na vipande vya mawe vimefungwa pembeni mwa upande wa chini.

"Hivi vijiwe vya nini? Pongo hapiti chini ya maji."

"Vinauvuta wavu ujifunge wenyewe. Kitu kikishaingia kwenye wavu, mjomba, hakichomwi hovyo. Kinafungwa kwanza."

Nilicheka mpaka Otilia akatoka jikoni kuangalia nani kafa.

Sasa siri yangu niliificha hivi, na ilikuwa akili ya mtu wa darasa la tano hasa: nilifundisha kwa kuuliza. Kila kitu nisichokiona nilikigeuza mtihani.

"Florian, pale kwenye mbaazi kuna nini?"

"Kichuguu, mjomba."

"Vizuri sana. Nilikuwa nakupima." Na mkuki nilikuwa nimeshauinua.

Herieth alikuwa ananiangalia pembeni. "Mbona mitihani yako yote ni ya macho? Masikio hayapimwi?"

"Kula usipa wako unyamaze."

Mwezi wa nne, maharage yakiwa yametoa maua, Mama Gaudiosa alikuja analia. Pongo dume, mkubwa, mwenye pembe kama sindano za kushonea magunia, alikuwa amemaliza robo ya shamba lake. Karatasi ya ruhusa ya kumwinda mharibifu huyo tulikuwa nayo, yenye muhuri, kwa hiyo msianze. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, tukafika watatu na mbwa wawili, Sumu na Kamanda. Sumu alikuwa wangu. Nilimlea kutoka kitoto, nikimtafunia nyama kwa meno yangu mwenyewe. Rangi yake ilikuwa kahawia.

Shamba la Mama Gaudiosa ni la ngoro, kama mashamba yetu yote: mashimo ya mraba yaliyopangana mlimani kama sega la nyuki, kila moja limezungukwa na matuta, na mimea imeota juu ya matuta. Mnyama akikimbia humo anapanda tuta, anazama shimoni, anapanda, anazama. Ndiyo maana kanuni ya kwanza niliyowafundisha, na niliyofundishwa na baba, ni hii: mnyama akizama, usirushe. Subiri apande tuta umwone kichwa. Niliwaimbisha kanuni hiyo wiki nzima kama katekisimu.

Tukatandika wavu upande wa chini, Herieth akalala nyuma yake. Mimi nikasimama hatua ishirini juu yake. Florian na mbwa wakazunguka, wakaanza kuswaga kutoka juu, Florian akipiga debe na kukohoa.

Nikasikia Sumu akibweka. Nikasikia kwato. Kisha nikaona rangi ya kahawia ikipanda, ikazama kwenye shimo la mbele yangu kabisa, na majani yakatikisika. Kichwa sikukiona. Ningesubiri, ningelazimika kukubali kwamba hata kikipanda sitakiona. Florian alikuwa mbali, hakukuwa na wa kumtahini.

Nikarusha.

Mkono wangu haujazeeka, hilo niliseme. Mkuki ulizama wote mpaka kwenye mpini. Lakini aliyelia hakuwa pongo. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyebanwa kidole mlangoni, ndefu, halafu ikawa fupi. Nikateremka shimoni, nikapapasa, nikakuta kamba shingoni, kamba niliyomfunga mimi. Mkuki ulikuwa umempigilia Sumu ardhini kupitia mbavu mbili. Alinilamba mkono. Mbwa mjinga.

Nikaushika mpini niuchomoe, mguu nimeuweka kifuani kwake, ndipo pongo mwenyewe akaja juu ya tuta. Kamanda alikuwa ameshamng'ata nyuma, nyama ya paja inaning'inia, na pongo dume akiumizwa hakimbii kama mbuzi wa sikukuu. Anageuka. Alinirukia ndani ya shimo. Pembe ya kwanza iliingia pajani, akatikisa kichwa, nikasikia nyama ikichanika kama kitenge. Akachomoa, akapiga tena palepale karibu. Nikamshika pembe zote mbili. Akanisukuma mgongo kwenye tope, pua yake kwenye pua yangu, povu na damu vinaniingia mdomoni. Pembe moja ilikuwa inashuka kuelekea shingoni, kidogo kidogo, na mikono yangu inateleza kwa damu yangu mwenyewe.

"Florian! Panga!" niliita.

Florian alikuwa amesimama juu ya tuta, panga mkononi, amegeuka nguzo ya umeme.

"Mjomba, achia! Lala chini!" Hiyo ilikuwa sauti ya Herieth.

Kumwachia pongo pembe akiwa juu yako ni kama kumpa mwizi ufunguo. Lakini nguvu zilikuwa zimekwisha, nikaachia, nikageuza uso topeni. Nikasikia kitu kinapita hewani, fyuu, kisha mawe madogo yakanigonga kichwani na mgongoni. Alikuwa ameung'oa wavu mzima kwenye miti yake, akaurusha kama wanavyorusha kule kwao. Vijiwe vikauvuta ukajifunga. Pongo akarusha kichwa, pembe zikanasa, akarusha tena, akajifunga zaidi. Herieth akaruka, akamkalia shingoni, magoti mawili, uzito wote.

"Kisu!"

"Kiko kiunoni kwangu," nilisema.

Akakichomoa. Wote wawili tulikuwa chini yake, mimi na pongo, na alikata pale anapotakiwa kukatwa, mara moja, mpaka mfupani. Damu ikanimwagikia usoni, ikaingia machoni, ikaingia masikioni. Ilikuwa moto. Mateke ya mwisho ya pongo yalinivunja ubavu, nikamwacha afe anavyotaka.

Florian akashuka, akauchomoa mkuki kutoka kwa Sumu. Alikuwa amekufa tayari. Florian akamtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Mjomba, uliona nini?"

"Mbwa amejipitisha," nilisema. "Mmemfundisha vibaya."

Herieth alikuwa ananifunga paja kwa kanga yake, anakaza mpaka nikaona nyota. Akanyoosha mkono mbele ya uso wangu.

"Vidole vingapi?"

Nikakisia kama mwanafunzi anayenakili kwa jirani. "Vitatu."

Alikuwa amekunja ngumi.

Hata ziwani wanajua kunyamaza, kumbe. Angekuwa Florian ndani ya lile shimo, ningerusha vilevile. Hilo nililijua na wao walilijua. Ninaweza kumdanganya bodaboda wa Mbinga, ninaweza kumdanganya padri kidogo, lakini pale nilikuwa nimelala kati ya mbwa wangu na mzoga.

"Nileteeni mkuki," nikasema.

Wakafikiri nataka kuuegemea. Nikaushika kwa mikono miwili, nikauvusha juu ya pongo, nikampa Herieth. "Macho yangu yamekwisha. Mama Gaudiosa, shuhudia." Maana alikuwa ameshafika na alikuwa anapiga kelele akiyatazama maharage yake.

"Mimi? Mtoto wa ziwani?" Herieth akauliza.

"Pokea haraka, kabla sijaghairi."

Akapokea. Florian akasema taratibu, "Mjomba, na mimi?"

"Wewe utamzika Sumu. Mwanaume anayeogopa damu aanze na ya rafiki."

Wakanipandisha pikipiki mpaka Mbinga, nimebanwa katikati kama gunia la kahawa. Nyuzi ishirini na sita. Daktari akaniangalia pia macho, akasema ni mtoto wa jicho, anaweza kutolewa, nirudi jeraha likipona. Nikamwambia mkuki nimeshautoa na haurudishwi, desturi hairuhusu. Akaniambia yeye hajauliza habari za mkuki.

Nilipotoka hospitali, Otilia alikuwa ameyakausha maini kwa moshi yasioze, akayapika kwa kitunguu na nyanya. Akaweka bakuli mbele yangu, jikoni, kwenye kigoda alichokuwa akikalia baba. Watoto wa jirani wakasimama mlangoni kuona mla maini mpya.

Nilitafuna. Na meno ninayo yote, sijui kwa nini watu hawalisemi hilo.

Ni miaka miwili sasa, sijafa. Herieth hajakosa hata mmoja, lakini kila mara kabla hajarusha anageuka, ananiuliza nilipokaa na fimbo yangu juu ya tuta: "Mjomba, ni nini kile?" Nami nanusa upepo, nasikiliza kwato, namwambia. Florian naye anatazama, halafu anataja kwa sauti, kichwa, pembe, mbwa yuko wapi, mtu yuko wapi. Asipotaja vyote, mkono wa Herieth hauinuki.

Herieth anasema ananipima. Mpaka sasa nimefaulu yote, isipokuwa ng'ombe mmoja wa Mama Gaudiosa, na yule alikuwa na sauti ya ajabu.